Kiti cha Ngozi cha Marehemu Baba

Baiskeli ilitolewa ukumbini saa kumi na moja jioni ili mikeka ipate pa kutandikwa, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Tulikuwa na hitma ya mama mkubwa. Wageni walijaa mpaka barazani, masinia ya pilau yakapita na kurudi matupu, na ilipofika saa nne usiku kila mtu nyumbani alikuwa hoi. Saa saba usiku mvua ikaanza. Mvua ya masika hapa Tanga haibishi hodi. Ilinyesha mpaka alfajiri bila kupumzika.

Nilipofungua mlango wa uani baada ya swala ya alfajiri, nikaiona Raleigh nyeusi ya marehemu baba imeegemea mwarobaini, maji yakichuruzika kwenye usukani. Vyuma havikunitia hofu, kwa kuwa chuma ukikifuta mapema na kukipaka mafuta hakina kinyongo. Nilichokitazama ni kiti. Kilikuwa kimelowa mpaka ndani, rangi yake ya kahawia imegeuka nyeusi, na nilipokibonyeza kwa kidole gumba kikabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi.

Nieleze kwanza hicho ni kiti gani, maana ndicho kilichoiweka nyumba nzima roho juu kwa muda wa miezi mitatu.

Sisi tunakaa Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Tanga ni mji wa baiskeli. Watu huenda nayo sokoni, kazini, msikitini na mazikoni. Baba aliinunua Raleigh hiyo kwa mtu, miaka ya 1970, alipokuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge njia ya kwenda Muheza. Akaipanda mpaka magoti yalipomkatalia. Tairi, cheni, pedali na spoki zilibadilishwa mara nyingi, mpaka yeye mwenyewe akapoteza hesabu. Vilivyobaki vya asili ni fremu na kiti.

Kiti chenyewe ni Brooks, cha ngozi tupu, chenye springi mbili nyuma. Kampuni hiyo ilianzishwa na John Boultbee Brooks mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, na mwanzoni kazi yake ilikuwa vifaa vya ngozi vya farasi. Husimuliwa kwamba mwaka 1878 farasi wa Bwana Brooks alikufa, akaazima baiskeli ya kuendea kazini, na kiti cha baiskeli ile kikamuumiza mpaka akaazimia kutengeneza kilicho bora. Mwaka 1882 akapata hataza ya kiti chake. Tangu hapo namna ya kuvitengeneza haijabadilika sana, na mtu yeyote akikiinamisha na kukitazama kwa chini ataielewa mara moja.

Chini hakuna sponji, hakuna plastiki, hakuna ubao. Kuna ngozi ya ng'ombe nene, kama milimita 5, iliyowambwa kati ya vyuma viwili kama ngozi ya ngoma. Nyuma imekazwa kwa ribiti kwenye chuma kipana, na mbele, pale panapoitwa pua, imekazwa kwa ribiti kwenye chuma kidogo. Chuma hicho cha mbele kimeshikwa na bolti yenye nati. Ukiizungusha nati, bolti inakisukuma chuma mbele na ngozi inavutika. Mwenye kukikalia anaelea juu ya ngozi hiyo. Miaka inavyopita, mifupa miwili ya makalio inajichimbia pahali pake, na kiti kinakuwa cha mtu mmoja kama kiatu kilichozoea mguu wa mwenyewe.

Kiti cha baba kilikuwa na mabonde hayo mawili. La kushoto lilikuwa na kina zaidi, kwa kuwa baba aliumia nyonga ya kulia ujanani na maisha yake yote aliegemea kushoto. Alipofariki, nguo zake tuligawa, viatu tuligawa. Alama ya mwili wake iliyobaki nyumbani ilikuwa ile, juu ya ngozi.

Baba alikuwa akikifunika kiti kwa mfuko wa plastiki na kuufunga kwa chini. Baada ya kufariki kwake tuliendelea hivyo hivyo, mfuko ukichakaa tunavika mwingine. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, ule wa mwisho ulikuwa umechanika. Nikautupa mimi mwenyewe, na sikuvika kitu kingine mahali pake. Kwa hiyo mvua ya usiku ule ilikikuta kiti kiko wazi, na aliyekiacha wazi ni mimi.

Kulikuwa na sababu ya kutaka kukiokoa haraka. Binti yangu mkubwa alikuwa ameanza kidato cha kwanza, shule iko mbali, na nauli ya kila siku ilikuwa inatuelemea. Tulikuwa tumekubaliana kwamba baada ya hitma nitaifanyia baiskeli matengenezo madogo ili aanze kuitumia. Mama aliridhia. Alisema neno moja tu: "Baiskeli mpe. Kiti kitunzeni."

Jua lilitoka saa mbili asubuhi, jua kali la baada ya mvua. Nikafungua nati ya chini, nikakitoa kiti, nikapanda ngazi na kukiweka juu ya bati la jiko la uani. Niliona nimefanya jambo la busara: kitu kimelowa, kianikwe. Mke wangu aliuliza kama hakitaungua, nikamjibu kwamba hata nguo za sufu zinaanikwa. Nikaenda kazini.

Niliporudi jioni nilikikuta kimekauka kama gome la mti. Zile mbawa za ubavuni, zinazoshuka chini ya mapaja, zilikuwa zimekunjamana na kutanuka nje. Usoni palikuwa na mistari midogo kama ya ardhi ya kiangazi. Nikagonga kwa ukucha, kikalia kama ubao. Ngozi ni nyuzi zilizosukana. Maji yakiingia, nyuzi zinavimba na kulegea. Yakitoka polepole, zinarudi zilivyokuwa. Yakifukuzwa kwa moto, zinashikana na kusinyaa mahali popote zilipo. Bati la Tanga saa saba mchana ni kikaango. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilichoona ni kwamba kitu kilichokauka kinataka mafuta.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa bahari, anashinda Sahare penye vyombo. Ana moyo mzuri na hachelewi kusaidia. Aliposikia habari ya ngozi kukauka alisema, "Shemeji, hilo mbona dogo. Jahazi linakaa baharini miaka kwa sababu ya sifa. Ubao unakunywa, unashiba, haupasuki. Na ngozi ni hivyo hivyo." Kesho yake akaja na chupa ya lita moja ya sifa, mafuta ya papa, yale yanayopakwa vyombo.

Hoja yake ilikuwa na chembe ya ukweli. Nta ya viti hivi inayotoka kiwandani huchanganywa na mafuta ya samaki, pamoja na shahamu na nta ya nyuki. Lakini humo mafuta ya samaki yamo kwa kiasi na yameshikwa na nta, na mtu huchovya kwa ncha ya kitambaa tu. Sisi tulikilaza kiti kifudifudi ndani ya beseni, tukamimina chupa nzima, tukakiacha usiku kucha.

Aliyewahi kupita penye jahazi linalopakwa sifa anaijua harufu ile. Ilijaa uani, ikaingia jikoni, ikapita ukumbini mpaka vyumbani. Mke wangu aliamka usiku wa manane akadhani samaki wameozea ndani. Paka wa mtaa walikusanyika, wakalizunguka beseni, na asubuhi tulikuta mmoja amekivuta kiti nusu nje na kuutafuna ukingo. Ile chapati ya asubuhi hakuna aliyeimaliza. Mama alitoka chumbani kwake, akaliona beseni, akasimama kwa muda. Kisha akarudi ndani bila kusema neno. Kwa mama yangu kunyamaza ni kitu kizito. Siku akigomba, ujue bado ana tumaini.

Kiti kilipotoka kwenye sifa kilikuwa kimelegea. Ngozi iliyokuwa ngumu kama ubao sasa ilibonyea katikati kama machela yenye mgonjwa. Mbawa zilining'inia. Yale mabonde mawili hayakuonekana tena. Palikuwa na shimo moja kubwa. Nikikikalia, makalio yanagusa chuma cha chini.

Hapo ndipo nilipoikumbuka nati. Nilikuwa nimemwona baba akiinama chini ya kiti mara moja au mbili utotoni, na nilijua kwamba ngozi ikilegea inakazwa. Sikuwa na spana yake, na ya kawaida haiingii, kwa kuwa nafasi ya kuingiza spana ni nyembamba sana pale chini ya pua. Shemeji akaleta koleo la kubania. Tukageuza kiti. Nati ilikuwa na kutu, na juu ya ubapa wake mmoja palikuwa na nukta nyekundu niliyodhani ni kutu pia. Tukapaka mafuta, tukasubiri, ikakubali. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mgumu. Wa pili, ngozi ikaanza kunyanyuka. Tulihesabu kwa sauti. Wa tatu, ikanyooka. Shemeji akasema imetosha. Mimi nikaona bado inabonyea kidogo katikati, nikaongeza wa nne.

Ikalia ta!

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya njugu inayopasuka. Lakini sote wawili tulijua. Kwenye ribiti ya katikati ya pua, ngozi ilikuwa imechanika, ufa wa urefu wa ukucha wa kidole gumba, ukielekea kwenye uso wa kiti. Shemeji aliweka koleo chini taratibu. Nilikaa pale sakafuni ukumbini, nimekishika kiti cha baba mapajani, na nakumbuka nilisikia mlango wa chumba cha mama ukifunguliwa.

Mama alikuja, akaketi kwenye kiti chake cha ukindu, akanyoosha mikono. Nikampa. Akakipakata kama anavyopakata mjukuu, na harufu yake yote. Akapitisha kidole gumba juu ya ufa. Akakigeuza, akaitazama nati, na ndipo aliponiuliza:

"Umezungusha mara ngapi?"

"Nne, mama."

"Nne nzima?"

"Nzima."

Akavuta pumzi. "Lete taa, mwanangu. Tazama hapa."

Nikaleta taa. Kando ya nati, juu ya chuma, palikuwa na mikwaruzo midogo iliyopangwa kama ya hesabu ya vibarua wa mkonge. Nilikuwa nimeiona, sikuitilia maanani. Mama akanitaka niihesabu. Ilikuwa tisa.

"Kila mstari ni robo," alisema. "Baba yako alikuwa akizungusha robo, basi. Halafu anachora mstari. Na hiyo nukta nyekundu ni rangi yangu ya kucha, aliichukua ili ajue nati ilisimama wapi. Kuna miaka mitatu, minne ilipita hajaigusa. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Robo tisa ni mizunguko miwili na robo. Kwa umri wote alioipanda baiskeli hiyo, kwenda shambani na kurudi, masika na kiangazi, baba aliizungusha nati mara mbili na robo. Mimi niliizungusha mara nne kwa alasiri moja.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Swali hilo najutia kuliuliza, ila jibu lake ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. "Mwanangu," alisema, "miaka yote ile mimi nilikaa wapi? Nilikaa kwenye keria. Mbele ya macho yangu kulikuwa na nini? Mgongo wa baba yako na kiti hiki. Nimekwenda nacho hospitali kukuzaa wewe. Nikisikia kinalia, najua springi inataka mafuta. Nikiona baba yako anateleza mbele, najua pua imeinama. Kiti hiki nakijua kuliko nyote. Mlimuuliza shemeji. Mimi mlinipita hapo ukumbini mkaniamkia, shikamoo mama, mkaenda zenu."

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza, lakini niliuliza nje ya nyumba, na mwenye ujuzi alikuwa ndani, amekaa hatua sita kutoka pale nilipokuwa nikihangaika.

Mama akaingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha fulana. Ndani yake mlikuwa na spana ndogo ya bapa, nyembamba, iliyotengenezwa kwa ajili ya nati ile ile. Mlikuwa pia na kopo la Kiwi ambalo halikuwa na rangi ya viatu. Nilipolifungua nikakuta nta ngumu ya rangi ya samli. Baba aliichemsha mwenyewe: nta ya nyuki, shahamu ya ng'ombe, na tone la mafuta. Mara mbili kwa mwaka, masika yakikaribia na masika yakiisha, alichukua kiasi cha punje ya harage kwa kitambaa, akapaka juu mpaka ing'ae, akapaka kidogo sana kwa chini, akaacha usiku mmoja, akafuta. "Hakutumia mafuta ya kupikia," mama alisema, "wala hakuloweka. Alisema ngozi ikilewa haisimami."

Asubuhi yake mama ndiye aliyetuongoza. Alisema kiti hakiendi kwa fundi baiskeli, kinakwenda kwa fundi makubadhi. Fundi baiskeli anajua chuma. Ngozi ina watu wake. Tukaenda kwa mzee mmoja mwenye kibanda chake karibu na soko, anayeshona makubadhi tangu mimi mtoto. Alikipokea kiti, akakinusa, akamtazama shemeji, akamtazama mama, hakuuliza. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulegeza nati. Akairudisha mizunguko yote minne, nukta nyekundu ikarudi mahali pake. "Mgonjwa aliyefungwa hatibiwi," alisema. "Mfungue kwanza."

Kisha akaagiza chaki za ubaoni. Tulitwanga boksi zima, tukakifunika kiti kwa unga wake juu na chini, tukakiviringisha kwenye shuka kuukuu na kukiweka chini ya kitanda, penye kivuli na hewa. Kila baada ya siku mbili tulikung'uta chaki iliyokuwa imegeuka njano na kuweka mpya. Ilichukua wiki tatu. Chaki ilikuwa ikinyonya sifa, na ngozi ikarudi kuwa na uzima kidogo. Harufu haikuisha yote, ila paka waliacha kutuzunguka.

Nilikaa naye siku aliyofanya kazi yenyewe, na nilijifunza zaidi ya nilivyotarajia. Alinionyesha ukingo ule uliotafunwa na paka, jinsi ngozi ilivyo na rangi moja mpaka katikati. "Hii imesindikwa kwa magome," alisema. "Ngozi ya magome ina akili. Ukiikalia inakushika umbo. Ukiilowesha inasahau. Ukiichoma inakufa." Akanikumbusha kwamba pwani yetu ilikuwa na biashara hiyo: magome ya mikoko yalipakiwa vyomboni kwenda ng'ambo kusindikia ngozi. Na bara, huko Njombe, Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza mwaka 1949 kwa kupanda miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kazi hiyo hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba kiti cha Birmingham na mti wa Njombe vinaweza kuwa ndugu.

Aling'oa ribiti tatu za pua kwa patasi ndogo, taratibu, bila kuumiza matundu. Akakata kipande cha ngozi nyembamba na ngumu, akakibandika kwa gundi chini ya ufa, akashona kwa uzi uliopakwa nta, mishono midogo kiasi kwamba kwa juu huioni. Akarudisha ribiti mpya za shaba, akazigonga kwa nyundo ndogo mpaka vichwa vikatandazika. Nikadhani sasa atakaza nati. Hakuigusa.

Badala yake alichukua msharasi, akatoboa matundu matano kila upande kwenye zile mbawa zilizoning'inia. Akapitisha ugwe wa ngozi kwa chini, kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, kama unavyofunga kamba za kiatu, akavuta. Mbawa zikarudi ndani, na zilivyorudi ndani, uso wa kiti ukanyanyuka wenyewe. Ule ulegevu niliotaka kuumaliza kwa nati, yeye aliumaliza kwa ugwe, kwa sababu ngozi ilikuwa imetanuka upana, wala si urefu. Kuvuta urefu ngozi iliyotanuka upana ni kuichana.

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda akitazama. Alisema taratibu, "Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka." Fundi akamjibu, "Ndiyo, mama," akaendelea kuvuta ugwe.

Tulikirudisha kiti kwenye baiskeli siku ya Jumamosi. Mama alisimamia. Kimo tulikipata kwa binti kupanda huku nimeishika baiskeli: akiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke, akiweka unyayo, goti libaki limekunjika kidogo. Pua mama alitaka inyanyuke kidogo kuliko nyuma. Kiti cha ngozi hubonyea katikati, na pua ikilala sawa au ikiinama, mtu huteleza mbele na uzito wote unaishia mikononi. Tulijaribu mara tatu. Mara ya tatu binti aliachia mikono kidogo, akabaki amekaa pale pale. Mama akasema, "Hapo. Kaza."

Mabonde ya babu yake hayakurudi. Hilo ni lazima niliseme wazi. Ukitazama kwa jua la pembeni, upande wa kushoto kuna kivuli hafifu, na mama hupitisha kiganja hapo kila anapopita ukumbini. Lakini umbo lililochukua maisha ya mtu kuchongwa tulilifuta kwa siku tatu: siku ya bati, siku ya beseni, siku ya koleo. Fundi alitengeneza ufa. Kile kingine hakuna fundi wake.

Wiki tatu za mwanzo binti alirudi kutoka shuleni akilalamika maumivu. Bibi yake alimwambia avumilie, kiti kinamsoma. Baada ya miezi mitatu hivi malalamiko yakaisha, na mabonde mawili mapya yakaanza kuonekana, yameachana zaidi kuliko yale ya babu, na yote mawili yana kina sawa. Mama alishona mfuniko wa turubai wenye mpira ukingoni. "Mifuko ndiyo iliyokatazwa," alisema, "turubai halikukatazwa."

Ikiwa kwenu kuna baiskeli ya namna hii, imesimama ukumbini au imetundikwa stoo, nakusihi uiangalie kwa macho mengine. Kiti kikilowa, kifute, kiweke kivulini, usikikalie mpaka kikauke, maana ngozi iliyolowa ndiyo inayotanuka. Kipake nta mara mbili kwa mwaka, kidogo. Mbawa zikitanuka, zifungwe kwa ugwe. Nati iache iwe ya mwisho, na ukiigusa iwe robo, uweke alama. Kabla ya yote hayo, nenda chumbani kwa mzee aliyeishi na kitu hicho, ukae chini, umuulize.

Kopo la Kiwi sasa liko kwa binti, na spana ya bapa ameifunga kwenye kipande kile kile cha fulana. Masika mengine yamekuja na kupita. Nukta nyekundu iko pale pale alipoiacha baba, na mstari wa kumi haujachorwa.